Mbuzi wa Atangwa

Askari wa chifu alikuja Jumatatu asubuhi, Ndinda akiwa ameinama anapaka ngozi za mbuzi chumvi, na hakushuka hata kwenye baiskeli. Aliweka mguu mmoja chini, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma kwa sauti ya kuwafaa watu wa ng'ambo ya barabara. Wasomali wote waliotimiza miaka kumi na minane wafike ukumbi wa soko siku ya Alhamisi, saa mbili kamili. Waje na kitambulisho, na waje na mzee wa ukoo wao wa kuwashuhudia. Asiyefika atahesabiwa mgeni asiye na kibali, na atarudishwa kwao.

"Kwao wapi?" Ndinda aliuliza.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Nakuuliza wewe. Mume wangu Mursal kwao ni wapi? Si mlichunga pamoja hapo mtoni mkiwa uchi wa mnyama?"

"Hiyo utauliza hao watu wa Nairobi," askari alisema, akaondoka bila kumtazama usoni.

Redio ilikuwa imelitangaza jambo hilo tangu wiki iliyotangulia. Mwaka ulikuwa 1989, na mwaka huo kila baya lililotokea upande ule wa kusini mwa Kitui lilikuwa na mwenyewe mmoja. Ndovu wakiuawa mbugani, ni Msomali. Gari likivamiwa njiani, ni Msomali. Sukari ikikosekana dukani, Msomali ameificha. Na waliosema hayo katika soko la Kwa Mbathe, njia ya kutoka Ikutha, hawakuwa majambazi wala wendawazimu. Walikuwa walimu, wake wa wachungaji, watu waliomuuzia Mursal ngozi kila Krismasi na kumwombea heri ya mwaka mpya. Hasira ya mtu mbaya unaizoea. Ya watu wema ndiyo inayochoma.

Siku hiyo hiyo, kwenye bomba la maji, jirani yake Kavata alimshika Ndinda mkono kwa huruma kabisa. "Mama Istahil, usilie. Wewe ni Mkamba. Hata wakimchukua, nyumba itabaki kwako."

Ndinda alimtazama mpaka Kavata mwenyewe akauachia mkono. Kisha akajitwika mtungi wake, ungali nusu, akaenda zake. Miaka kumi na saba amelala kitanda kimoja na Mursal, amemzalia watoto watatu, wa kwanza wakampa jina la mama mkwe kama desturi ya Wakamba inavyotaka. Leo anapewa pole ya kuachiwa mabati.

Jumanne alipita Gabow, Msomali wa Garissa mwenye lori, aliyekuwa akinunua ngozi za Mursal kwa miaka sita na kuzipeleka viwandani. Alikunywa chai yake ya kawaida, vikombe viwili, sukari nyingi. Kisha akasema, "Mursal, panda gari twende Garissa. Wazee wa babako wako kule. Watasema jina lako mpaka babu wa saba, mambo yaishe."

Mursal alicheka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kucheka hata mahali ambapo angetukana. "Wazee wangu wako hapa, Gabow. Mimi ni Mutangwa."

"Mutangwa ni nini?"

"Ni ukoo."

Gabow alimgeukia Ndinda kama anayemuuliza ikiwa mumewe ni mzima. Lakini lilikuwa jambo la kweli, na hapo Kwa Mbathe kila mtu alilijua. Adan, babake Mursal, alikuja na ng'ombe wa biashara kabla ya uhuru, akakaa, akapendwa. Wazee wa Atangwa, ukoo wa Kikamba, wakasema mtu hawezi kukaa kati ya watu bila watu. Wakatoa mbuzi. Adan akamchinja kwa mkono wake mwenyewe ili naye aweze kula, wakamla pamoja, wakamvika pete ya ngozi ya mbuzi huyo mkononi. Tangu siku hiyo Adan na uzao wake wakawa Atangwa. Wakizika, anazika nao. Wakichangia mahari, naye anachangia. Mursal alizaliwa ndani ya jambo hilo, hakulijua kuwa la ajabu. Ukimwuliza ukoo wake angekujibu jinsi yeyote wa pale angekujibu.

"Sawa," Gabow alisema akiinuka. "Mimi nimesema."

Kumbe alikuwa amesema kitu cha kusikilizwa.

*

Jumatano alasiri Mursal na Ndinda walikwenda kwa mzee Musembi, mkubwa wa Atangwa wote wa pale, tena mzee wa kanisa. Aliwapokea vizuri mno. Alimwita Mursal *mwana wakwa*, mwanangu, akaagiza viti, akailaani serikali kwa sauti ya chini.

"Nau," Mursal alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, baba. "Nilikuwa nafikiri tuende na mzee Ndeti pia. Wakiwa wawili ni nguvu."

Uso wa Musembi ulijikunja. "Ndeti? Ndeti wa pombe? Unataka kunipeleka mbele ya watu wa Nairobi na mtu ananuka?"

"Hapana, nau, nilikuwa tu..."

"Atangwa huongea na mdomo moja. Wewe unajua hivyo. Mkubwa akisema, imekwisha. Mzee mmoja anatosha."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Mbele ya wageni, ukoo ule ulisema kwa kinywa cha mkubwa wake, na kumpeleka wa pili ilikuwa kumwambia wa kwanza kwamba humwamini. Mursal aliomba radhi. Mtu mwingine, Msomali wa Garissa au Mkikuyu wa Nairobi, angekwenda na mashahidi kumi. Yeye alikuwa Mutangwa mno, akaenda na mmoja.

Walipokuwa wakiaga, Musembi aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya mvua, "Na ile ploti yako ya barabarani, cheti iko na jina ya nani?"

"Yangu, nau."

"Yako peke yako? Mama hayuko?"

"Yangu peke yangu."

"Basi sawa. Mungu yuko."

Njiani Ndinda alisema, "Umesikia alichouliza?"

"Ni mzee. Wazee huuliza."

Ndinda alinyamaza. Baadaye alijilaumu kwa kunyamaza kuliko kwa mambo yote mengine aliyoyafanya.

*

Ukumbi wa soko ulijaa Alhamisi kama siku ya mnada, na kweli ulikuwa mnada, ila waliopigiwa bei ni watu. Mbele palikuwa na meza moja na maafisa watatu. Yule wa katikati, mwenye kalamu nyekundu, ndiye aliyeuliza maswali. Upande wa kulia walikaa Wasomali kwenye mabenchi ya shule: wenye maduka kutoka Ikutha, mabibi wazee waliobebwa, vijana wenye sare za shule. Nyuma walijazana watu wa soko waliokuja kutazama. Wengine walikuwa wanatafuna mua.

Saa sita unusu waliita, "Mursal Adan!"

Alisimama mbele ya meza, Ndinda nyuma yake. Walitazama kitambulisho chake, wakakigeuza, karibu wakinuse.

"Hii umenunua pesa ngapi?"

"Sikununua, afande. Nilipewa Kitui, mwaka wa sabini."

"Imba wimbo wa taifa."

Mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, baba wa watoto watatu, aliimba. Aliimba ubeti wa kwanza, wakamwambia wa pili, akaimba wa pili, watu wa nyuma wakicheka. Afisa wa kushoto alikuwa anachokonoa meno.

"Ukoo?"

"Mutangwa."

Kalamu nyekundu ilisimama. "Ati nini?"

"Mimi ni wa Atangwa, afande."

Afisa aliwageukia wenzake. "Huyu ananiona mimi mjinga. Wewe Msomali, nakuuliza ukoo ya Kisomali, unaniambia ukoo ya Wakamba?"

"Ndiyo ukoo ninayo. Mzee wangu yuko hapa, anaweza kueleza."

Musembi aliinuka, koti lake la kanisani mwilini, kofia mkononi. Ndinda aliona mtu huyo akipita kati ya mabenchi, moyo wake ukatulia kidogo. Hata hasira yake ya swali la ploti aliiona ya kipumbavu.

"Mzee, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Ananunuanga ngozi."

"Ni wa ukoo wako?"

Musembi aliizungusha kofia. "Baba yake alikuja hapa na ng'ombe. Tulikaa vizuri. Lakini kukaa karibu na mtu, afande, si kuzaliwa na yeye."

"Kwa hivyo si wa ukoo wako."

"Mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi danganya serikali."

Mursal alimtazama tu mzee yule, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyepigwa na mama yake mbele ya wageni. Afisa alitazama saa. "Tunaenda kula. Kama uko na shahidi mwingine, mlete saa nane. Kama hakuna, lori iko hapo nje."

*

"Nenda kwa Ndeti," Ndinda alimwambia mumewe chini ya ukingo wa bati. "Nenda kwa yeyote."

"Hawawezi. Mkubwa amesema. Hakuna Mutangwa atasimama amwambie Musembi ni mwongo. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo! Watakupandisha lori na hiyo 'ndivyo ilivyo' yako!"

Aligeuka kwa hasira, na katika hasira hiyo akamwona Mbula.

Mbula alikuwa binti wa Musembi. Aliuza muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwenye kibanda mkabala na ukumbi, na kwa miaka kumi na saba Ndinda hakuwahi kula hapo. Salamu walipeana, basi. Kwa sababu kabla ya Ndinda kulikuwa na Mbula. Mwaka wa sabini Mursal alitaka kumwoa, na Mbula alitaka kuolewa naye, na Musembi akakataa. Hakutaja dini wala kabila. Aliwaita wote wawili mbele ya wazee akasema, huyu ni dada yako, Atangwa hawaoani, mnataka kutuletea laana? Mursal alitii. Mbula akaozwa kwingine, hakupata mtoto, akarudishwa, akajengewa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya babake. Hakuolewa tena.

Mtu asiyehesabiwa kuwa na mdomo wa ukoo anaweza kusema kitu ambacho wenye midomo hawawezi. Ndinda alivuka barabara.

"Nikupakulie?" Mbula aliuliza, na mshangao wake ulionekana.

"Sikuja kula. Mbula, umesikia baba yako amesema nini?"

"Nimesikia. Kila mtu amesikia."

"Amesema Mursal si wa ukoo."

Mbula alifunika sufuria. Mkono wake ulikuwa na alama nyingi za kuchomeka. "Na unataka mimi nifanye nini, Mama Istahil?"

"Useme kwa nini hukuolewa naye."

Walitazamana, wanawake wawili waliokuwa wamekwepana kisimani, kanisani na matangani nusu ya maisha yao. Ndinda aliona aibu. Aliona pia kwamba aibu yake haikuwa na maana yoyote mbele ya lori lile.

"Mimi nalala kwa boma ya baba," Mbula alisema polepole. "Nikisema hivyo leo, leo nitalala wapi?"

Ndinda hakutunga jibu la uongo. "Sijui."

Mbula alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kifuniko.

*

Saa nane na robo Mbula alisimama mbele ya meza. Hakuwatazama maafisa. Alimtazama babake.

"Nau, mwaka wa sabini mimi na Mursal tulitaka kuoana. Ulituambia nini?"

"Mbula, keti chini."

"Ulituambia sisi ni ndugu. Ulisema damu ya ile mbuzi ni damu yetu. Wazee walikuwako. Kama si wa ukoo, mbona ulinikataza?"

Hata waliotafuna mua waliacha. Afisa mwenye kalamu aliegemea mbele, kwa mara ya kwanza siku hiyo akiwa na hamu ya kusikia jibu. "Ndiyo, mzee. Jibu swali ya msichana."

Ndinda alimwona Musembi akitafuta pa kutokea. Alikuwa amebanwa, na Ndinda akahesabu moyoni kwamba wameshinda. Lakini alikuwa hajamjua vizuri. Mtu anayekitaka kiwanja cha mwenzake haoni haya ya kujivua nguo.

"Nilidanganya," Musembi alisema.

"Unasema?"

"Wakati ule nilidanganya. Sikutaka msichana yangu aolewe na Msomali. Nikasema ni ndugu ndio waachane. Hiyo maneno ya mbuzi..." alipunga kofia, "ilikuwa nyama tu. Tulikula nyama, tukashiba, basi."

Mbula alisimama tu. "Kwa hivyo hakuwa ndugu yangu," alisema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote. Afisa alikuwa tayari anaandika. Ndinda akajiona mwenye kosa, maana yeye ndiye aliyekwenda kuvuta jiwe hili na sasa limewaangukia.

Ndipo kelele ikatoka nyuma.

"Nyama tu? Musembi! Nyama tu?"

Alikuwa Ndeti, mzee wa pombe, anasukuma watu kwa fimbo. Shati lake halikuwa na vifungo. Alifika mbele akihema, na hakumtazama Mursal hata kidogo. "Baba yangu ndiye alitoa ile mbuzi! Mimi nilishika miguu ya nyuma! Wewe ulikula ini, nakumbuka, ulikula ini! Unasema baba zetu walikuwa watu wa nyama? Walikuwa mbwa?"

"Ndeti, umelewa."

"Nimelewa! Na wewe umetema mate kwa kaburi! Ukoo ikisema mtu ni wake, ni wake, hata akiwa mwizi, hata akiwa Mzungu!" Akageuka mezani. "Andika. Ndeti wa Atangwa. Huyu ni wetu. Lete wino niweke kidole."

Mzee mwingine akainuka nyuma, akasema naye alikula. Kisha wa tatu. Mdomo mmoja wa Atangwa ulikuwa umevunjwa, na kilichouvunja hakikuwa mapenzi kwa Mursal wala huruma kwa watoto wake. Wangemwacha aende. Waliinuka kwa sababu mbuzi wao alitukanwa. Ndinda alilielewa hilo vizuri sana, na shukrani aliyotakiwa kuwa nayo hakuitoa.

Afisa alichoka nao. Alichukua alama za vidole vitatu, akagonga muhuri, akamsukumia Mursal karatasi ya pinki. "Utembee na hii kila mahali pamoja na kitambulisho. Ukiipoteza, shauri yako. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Gabow.

Polisi walimtoa kwenye lori lake asubuhi hiyo, kwenye kizuizi cha barabara, alipokuwa akipita kwenda zake. Shati lake lilichanika begani. Kitambulisho alikuwa nacho, lakini wazee wake walikuwa Garissa, na Garissa haikuwa pale ukumbini.

"Nani anakujua hapa?"

Gabow alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyu. Mursal. Anajua kazi yangu, anajua gari yangu. Miaka sita."

Afisa alimtazama Mursal, ambaye alikuwa hajapiga hatua tatu kutoka mezani. Akaitazama karatasi ya pinki mkononi mwake. "Wewe. Unashuhudia huyu mtu? Fikiria vizuri kabla hujajibu. Ukishuhudia mgeni, hiyo karatasi narudisha."

Ndinda aliona mkono wa mumewe ukiikaza karatasi ile mpaka ikakunjika.

"Simjui," Mursal alisema.

Gabow hakubishana. Alimtazama kitambo, akakubali kwa kichwa, kama mtu anayekubali bei mbaya ya ngozi. Askari akamshika bega lililochanika.

"Mimi namjua!" Ndinda alipaza sauti. "Anaitwa Gabow! Amekunywa chai kwangu juzi tu!"

"Mama, wewe si mzee wa ukoo. Ondoka mbele ya meza."

*

Nje jua lilikuwa kali. Mbula aliketi kwenye ngazi ya ukumbi, mikono mapajani. Babake alikuwa amempita bila neno, ila kwa kumwagiza mtu akatoe vitu vyake chumbani. Ndinda aliketi kando yake. Alitaka kumwambia kwamba kwake kuna kitanda, lakini Mursal alikuwa akija.

Mursal alisimama mbele yao na karatasi yake. Lori la serikali liliondoka. Gabow alikuwa amekaa nyuma, mgongo kwao.

"Ungetaka nifanye nini, Ndinda?" Mursal alisema. Hakuwa anacheka. "Niambie. Wangeichukua. Nina watoto."

Ndinda alijua kwamba anasema kweli, na kujua huko kulimkasirisha kuliko uongo wote aliousikia tangu asubuhi. Alimtazama Mbula, kisha akamtazama mumewe.

"Hata Musembi ana watoto," alisema.